Umemwambia Nani Leo?

Mwezi uliopita nilishuka kutoka Mbulu hadi kwenye tambarare za Hanang, pale tulipokaa enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Sikufuata kutembea. Kuna kaburi nililokuwa nikilitafuta, na ukinisikiliza kidogo utajua kwa nini.

Sisi ni watu wa Tlawi, huko Mbulu. Baba alipopata kazi ya kuendesha trekta tulihama naye, na bibi yangu, mama yake, akaja na Biblia yake na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kila jioni, kabla ya kumega ugali, alituuliza mmoja mmoja, "Umemwambia nani leo?" Ilibidi uwe umemwambia mtu habari za Yesu, la sivyo ungekula huku anakutazama tu. Mimi nilikuwa mwongo mkubwa. Kuna siku nilimwambia mbuzi, jioni nikamtaja kwa jina kama mtu, na bibi akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Yeye mwenyewe kila Alhamisi alikwenda kwa bibi mmoja mfugaji, nami nikimbebea kibuyu. Karibu na boma lile palikuwa na kaburi la mume wa huyo bibi, kilima cha udongo kirefu kuliko baba. Hukupita bila kuchuma majani mabichi na kuyaweka pale kwa heshima. Mara ya kwanza bibi yangu alisita, maana ni Mkristo. Halafu akachuma. "Kumheshimu marehemu wa mwenzako kuna dhambi gani?" alisema. Wakawa marafiki. Walifundishana nyimbo, na yule bibi akapenda mmoja wa kanisani, akauimba kwa lafudhi yake mpaka tukacheka wote. Mwishowe akakubali kuja kanisani Jumapili. Bibi yangu hakulala kwa furaha, akamtengea kanga yake mpya.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo tulikwenda kama kawaida. Nilisikia kwanza harufu ya udongo uliotoka kulimwa. Jamani! Uzio wa boma haukuwepo. Kilima hakikuwepo. Pote palikuwa matuta meusi yaliyonyooka, na yule bibi ameketi katikati yake, majani mkononi, anatafuta pa kuyaweka.

Nilisahau hata kumwamkia shikamoo. Bibi yangu akapiga magoti kwenye udongo. "Dada, nani amefanya hivi?"

"Simjui. Nilipiga kelele, trekta haikusikia," alisema. "Lakini alikuwa anaimba. Ule wimbo wako."

Haki ya Mungu! Pale shambani dereva aliyeimba wimbo ule alikuwa mmoja tu. Nikamtazama bibi yangu, naye hakuthubutu kunitazama.

Yule bibi akauliza taratibu, bila hasira, "Dada, ni huyo Yesu aliyemtuma?"

Bibi yangu alianza kukusanya udongo kwa mikono, kana kwamba kilima kingerudi.

Jioni baba alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akanawa, akaketi. Bibi akaweka ugali mezani.

"Umemwambia nani leo?"

Baba akacheka. "Mama, leo nilikuwa kwenye trekta tangu asubuhi. Kule hakuna mtu."

"Alikuwepo," bibi alisema. Akamweleza. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Ugali ulipoa mezani.

Kulipokucha baba alichuma majani akaenda mwenyewe. Yule bibi na ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuhama, na hakuna aliyejua wameelekea wapi. Kanga ilibaki kwenye sanduku letu. Bibi hakutuuliza tena lile swali mpaka alipofariki.

Basi mwezi huo uliopita nami nilifika na majani mabichi mkononi. Niliuliza vijana wa pale, wakashangaa, "Kaburi gani, mama?" Pote ni shamba. Nilizunguka hadi jua likashuka, na majani yakaninyaukia mkononi kwa sababu sikujua pa kuyaweka.