Nafasi Kando ya Baba

Mama yangu alikuwa amejichagulia mahali pa kuzikwa, na kijijini kwetu Bwera hakuna aliyekuwa hapajui. Ni chini kabisa ya shamba, migomba inapoishia, ubavuni mwa kaburi la baba. Kwetu Wakonzo mtu hulala nyumbani kwake hata akishakufa. Mama aliacha kipande kitupu cha kumtosha, hapandi maharage wala viazi, na mtoto akikatiza pale anafukuzwa kama kuku. Alikuwa mzima wa afya, lakini mgeni aliyekuja kunywa chai alipelekwa kwanza kuonyeshwa nafasi hiyo, kama wengine wanavyoonyesha makochi mapya.

Mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka wetu na Congo, ulikuwa mbali na kaburi. Tulipomzika baba, kati yake na maji palikuwa na mihogo ya jirani, kisha matete, kisha mawe tuliyofulia nguo. Baadaye niliolewa Kasese mjini, nikawa nauza vitenge sokoni, na kila niliporudi nilikuta mto umesogea. Mara mihogo imepungua, mara matete hakuna, mara jirani mwenyewe kahama. Nilikuwa nakuja na samaki wa Ziwa Edward, ngege wa kukaushwa, ninaowanunua njiani pale Kikorongo. Mama alikuwa mlafi wa samaki hao. Nikija mikono mitupu aliuliza kama biashara imekufa.

Kila asubuhi, mawingu yakifunguka, alitazama theluji mlimani. Tangu utoto wake alijua weupe ule unaanzia wapi na kuishia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 akaanza kusema mlima unaota kipara, nasi tukacheka, tukidhani ni macho ya uzee. Hayakuwa macho. Miteremko nayo ilikuwa imelimwa hadi juu, miti imekwenda kuwa makaa, na mvua ikinyesha huko hakuna kitu cha kuishika hata kidogo. Kaka yangu alikuwa akichimba mchanga mtoni pamoja na vijana wenzake, lori linakuja, lori linaondoka. Siwezi kumnunia sana, kwa sababu hata kuta za nyumba yangu Kasese zimepigwa lipu kwa mchanga huo.

Wakaja wageni waliovaa fulana zilizoandikwa mambo ya mazingira. Walipanda miche ukingoni, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao. Miche iliondoka na maji ya kwanza. Fulana zilibaki, na watu wanazivaa kulimia.

Kijiji kikaamua kujiokoa chenyewe kwa ukuta wa magunia. Kila nyumba ilete magunia na watu wa kujaza. Mama ndiye aliyekuwa mbele kuhimiza, maana kaburi lilikuwa limebakiza hatua chache tu kufikiwa na maji. Nilifunga duka nikaja. Na mchanga wa kujazia tuliutoa wapi? Pale pale, chini ya ukingo, kwani nani angebeba mchanga kutoka mbali wakati mto upo miguuni? Watu wazima wenye akili zetu, tulichimba shina la ukingo ili tupate cha kuweka juu yake. Nilishika midomo ya magunia mchana kutwa, na sikusikia mtu akiuliza. Tuliimba. Mama alipika chai ya watu wote, na ukuta ulipokamilika aliupapasa kwa kiganja, akasema sasa baba yenu atalala.

Mvua za mwezi wa tano ziliuondoa ukuta kabla ya kugusa kitu kingine. Ukingo ulikuwa mtupu kwa chini, ukaketi majini wenyewe. Kisha mto ukafanya jambo ambalo hatukulifikiria: ukapinda, ukaingia kati ya nyumba na migomba, ukaipenda njia hiyo mpya na kubaki nayo. Mkondo wa zamani ukawa mawe makavu. Mama alipofungua mlango, alikuwa amesimama Uganda, na kaburi la baba pamoja na nafasi yake vilikuwa upande wa Congo.

Alilia siku hiyo. Maji yalipopungua alikunja gomesi, gauni lake refu, akachukua jembe, akavuka kwenda kupalilia. Mimi nikamfuata nikiwa na hasira naye, na hasira na mto, na hasira na kila mtu. Tulimkuta askari wa Kikongo amekaa kwenye kisiki cha mgomba wetu.

"Mama, huku ni Congo," alisema. "Mupaka iko ku muto."

"Ninakuja kulimia bwana yangu."

"Bwana yako iko wapi?"

Mama akamwonyesha kwa jembe. Askari aliangalia kaburi, akaangalia mto, akavua kofia.

"Huyu mutu iko na karatasi ya kukaa huku?"

"Yeye hakutoka pale alilala," mama alimjibu. "Ni muto ndiyo ilitembea. Uliza muto karatasi."

Askari alicheka, hata mimi nikacheka, na tangu hapo alimruhusu. Lakini alipoulizwa kama siku moja mtu angeweza kuzikwa pale, aliacha kucheka. Alisema hiyo ni kazi ya wakubwa. Wakubwa wa huku walisema ni kazi ya wakubwa wa kule.

Mvua za mwisho wa mwaka zikamaliza ubishi. Kaka alinipigia simu akaniambia nije tu. Nilipita Kikorongo nikanunua ngege kwa mazoea, mkono ukafanya wenyewe, na jioni nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama nikitazama maji ya kahawia mahali palipokuwa na migomba. Kaburi halikuwepo. Nafasi kando yake haikuwepo. Wala kisiki alichokalia yule askari.

Kaka alisema wajomba wametoa mahali pa kuzikia huko Kyondo, mlimani, katikati ya kahawa, hakuna maji huko. Alisema hivyo kwa upole, akidhani anampa mama zawadi. Mama alimjibu kwamba alishafika Kyondo, ameona nyufa kwenye miteremko, zimepangana kama ngazi. "Udongo wa huko nao uko safarini," alisema. Nyufa hizo sote tulikuwa tumeziona.

Nikaingia jikoni, nikapika samaki kwa karanga, kama anavyopenda. Nilimtengea. Mama alifunua bakuli, akafunika tena, akalisukuma kwangu.

"Mpelekee jirani," alisema.

"Mama, ni ngege."

"Najua ni ngege. Mto huu unaishia wapi?"

Unaishia Ziwa Edward. Mtoto yeyote wa Bwera anajua. Nilishika lile bakuli, harufu ikanipanda puani, nikatoka nalo. Jirani alipokea, akashukuru sana, akaniuliza hali ya mama.

Niliporudi nilimkuta ameketi palepale mlangoni, uso ameuelekeza kwenye maji. Nilimpa chai akaishika bila kunywa. Ningemwambia nini, kwamba mvua zitapungua, kwamba theluji itarudi?

"Nikifa msinipeleke Kyondo," alisema. "Nitieni mtoni. Unajua ulikompeleka baba yako."

Hakuwa anatania. Nilimwambia chai inapoa.