Salamu Hakukataza

Kipindupindu kilipofika Tiwi nilikuwa mke mgeni, mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne. Uhuru wetu ulikuwa haujatimiza miaka kumi. Redio ilisema ugonjwa huo umezunguka nchi nyingi kabla ya kutufikia, lakini mimi niliuamini siku bwana afya alipokuja kwa baiskeli, akatia dawa kisimani, akatukusanya kando ya msikiti. Chemsheni maji. Msile sinia moja. Msipeane mikono.

Katika kibanda cha nyuma ya nyumba yetu aliishi shangazi yake mume wangu. Surua ilimpofusha angali mdogo. Alisokota kamba za makumbi ya nazi, na watu aliwajua kwa mikono. Kila apitaye alimshika mkono, naye akataja jina kabla mtu hajasema neno. Mimi alinijua siku ya pili tu ya harusi. "Ndiwe mkwe wetu," akasema, "na kidole umekiunguza." Kweli, sufuria ilikuwa imenichoma asubuhi ile.

Baada ya bwana afya kuondoka, mkono wa shangazi ukawa unabaki hewani. Watu waliona haya kumnyima mkono, basi wakafanya lililo jepesi: walimpita kimya, wakinyata. Nami nilifanya vivyo hivyo. Nilimwekea mtungi wa maji yaliyochemshwa na sahani ya muhogo kizingitini, nikaondoka bila hata hodi. Nilijiambia namlinda mtoto.

Siku moja nikakuta mtungi umepinduka, na mchanga umekwisha kukauka. Aliugonga akiutafuta. Hakuwa amekunywa tangu jana yake.

"Mbona hukuita, shangazi?"

"Nimwite nani? Nasikia nyayo, mtu simsikii." Akapapasa, akausimamisha mtungi. "Mwanangu, bwana afya amekataza mikono. Salamu hakukataza."

Nililia palepale, hatua tatu kutoka kwake.

Tangu hapo nilitamka jina langu nikiwa bado mbali, nikamwambia maji yako upande gani wa mlango. Mume wangu alichukua kamba aliyoisokota shangazi mwenyewe, akaifunga kutoka kibandani hadi chooni, na njiani akaning'iniza kopo la maji na kipande cha sabuni, aende na kurudi bila kuongozwa. Majirani nao, mmoja mmoja, wakaanza kumwamkia kwa sauti. Si wote.

Ndipo shangazi akaniuliza habari za shoga yake, bibi aliyekuwa akimletea makumbi. "Wengine wameanza kusema nami. Yeye bado ananipita?"

Nilimtazama mume wangu. Bibi yule alikuwa amezikwa siku sita nyuma, na wanaume wachache tu, bila matanga. Tulikuwa tumekubaliana kumficha shangazi, kana kwamba asiyeona hastahili hata kupewa msiba wake. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Hakupiti," nikasema. "Amefariki, shangazi. Leo siku ya sita tangu azikwe."

Alisema Innaa lillahi, kisha akailaza kamba mapajani. "Siku sita," akasema, "nimemnung'unikia maiti."

Hakutulaumu zaidi ya hapo. Aliuliza nani alimwosha, sanda ilipatikana wapi, amelazwa upande gani wa makaburi. Nilimjibu yote. Alipomaliza kuuliza akajifunga leso, akasema anakwenda kwa mfiwa.

Tulishika fimbo moja, yeye ncha hii, mimi ile, tukaenda hivyo hadi uani kwa marehemu. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni peke yake. Shangazi alisimama mbali kama ilivyoamriwa, akataja jina lake mwenyewe kwa sauti, akampa pole. Yule binti akaketi chini, akalia kwa kwikwi. Tangu mama yake azikwe, alituambia, hapakuwa na mtu aliyefika hata kusimama pale uani.