Dang'a Mlangoni mwa Mavyaa

Tangu wakati ule nimehamia miji mingi, na kila nilipofika nilikaa kidogo nikaondoka. Lakini baraza ile ya kliniki ya Ngamiani hainitoki: harufu ya sabuni ya kipande, na waja wazito wamekaa mkekani wamenyoosha miguu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, sijaolewa, nikapata kazi kliniki ya kuwafundisha wanawake kunyonyesha kabla hawajajifungua. Nilifundishia mwanasesere wa matambara. Siku ya kwanza mmoja akauliza, "Mwalimu, mwenzetu umezaa wangapi?"

"Bado."

"Basi huyo wa matambara ndiye kifungua mimba wako. Mpe tuone kama atashika."

Wakacheka huku wameshika matumbo. Nami nikacheka, nikampakata mwanasesere, nikaendelea.

Somo gumu lilikuwa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Wengi waliyaona machafu. Waliyakamua wakayamwaga jivuni, na mtoto akanyweshwa maji ya sukari mpaka maziwa meupe yatoke.

Alikuwapo binti mmoja kutoka kijiji cha Mwera, amekuja kungojea uzazi kwa mavyaa yake, mama wa mumewe, hapo Ngamiani. Mtoto wake wa kwanza alinyweshwa maji hayo, akaharisha, akafa hata arobaini haijafika. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama huyu wa pili ataishi.

"Mpe dang'a," nikamwambia.

Akatazama chini. "Mavyaa hatakubali."

Juma lililofuata alikuja na mavyaa mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka mjukuu wangu anyonye usaha?"

Bibi yule alifuga ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Maziwa ya chai yetu tulinunua kwake. Nikamwuliza ng'ombe wake akizaa, dang'a yake huipeleka wapi.

"Naipika. Ikiganda natia iliki, twala."

"Yote?"

"Yote vipi? Ndama kwanza. Ndama akiikosa hasimami."

Yule aliyenitania siku ya kwanza akadakia, "Bibi, kumbe ndama wako ana bahati kuliko mjukuu."

Wote wakaangua kicheko. Bibi akajitanda kanga, akamshika mkwewe mkono, wakaondoka. Nikaona nimemharibia binti wa watu.

Habari za uzazi zilinifikia asubuhi moja kabla sijafungua kliniki. Nilikwenda nusu mbio. Uani nikamkuta shangazi wa mume amenuna, kikombe cha maji ya sukari mkononi. Mlangoni bibi ameweka kigoda chake, amekaa, ameuziba mlango wote.

"Tende ya sunna imeshapakwa ulimini, yatosha," alikuwa akimwambia wifi yake. "Kikombe hicho kunywa wewe." Akaniona, akasogeza magoti. "Pita, mwanangu."

Ndani, mtoto alikuwa amekamata titi, manjano yamemchuruzika pembeni mwa mdomo. Mama yake alinitazama akacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

Arobaini ilipopita bibi alikuja barazani na mjukuu mgongoni. Mapaja ya mtoto yalikuwa yamejikunja kwa unono. Akaninyang'anya mwanasesere, akamtupa mkekani, akanipakatisha mtoto mbele ya wanawake wote.

"Leo wafundishe kwa huyu," akasema. "Huyo mwingine tangu aje hapa hajashiba."