Uraia kwa Kijerumani

Mwenzangu, na uuguzi wangu wote huu nimerudi kukaa kwenye dawati, hapa Bugene, najifunza Kijerumani ili nikafanye kazi Ujerumani. Wiki iliyopita mwalimu aliandika ubaoni neno refu kama mkungu wa ndizi: Staatsangehörigkeit. Uraia, akasema, mtalikuta kwenye kila fomu. Darasa likaangua kicheko. Mimi lilinirudisha kijijini kwetu Ihembe, kwa jirani yetu.

Jirani huyo alivushwa kutoka Rwanda akiwa mgongoni kwa mama yake. Marehemu mumewe na babu yangu walichanjiana damu: walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akala punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwetu huo ni undugu usiovunjika, hata wajane huurithi. Hakujaliwa mtoto, basi mimi ndiye nilikuwa wake. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, na katogo yake ya ndizi na maharage, lo! ilinukia mpaka kwetu. Bibi hakuchoka kusema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Nilikuwa darasa la tano walipokuja viongozi kusaka wasio raia. Bibi na jirani walikuwa uani, mkeka mmoja, wanachambua kahawa.

"Mama, shikamoo," mwenyekiti wa kijiji akamwambia bibi. "Huyu ni wa hapa? Ukimthibitisha, tunamwacha."

Jirani akatabasamu tu, hana wasiwasi. Bibi hakuinua macho.

"Mimi mambo ya serikali siyajui."

Jirani akapandishwa gari siku ileile na furushi moja. Hakutukana mtu. Alinishika shavu, basi. Juma lililofuata bibi aling'oa miti ya mpaka kati ya shamba letu na la jirani, na msimu ulipofika tukavuna kahawa yake. Nami nilivuna, tena nikiimba.

Nisikufiche, nilimchukia bibi miaka mingi. Mwaka jana, akiwa hoi kitandani, nilimuuliza: bibi, kwa nini? Hakukasirika hata kidogo.

"Na wewe, mjukuu wangu, ungesomeshwa na nini?"

Pale palipokuwa na nyumba ya jirani sasa ni migomba yetu, na inazaa vizuri kweli, Mungu atusamehe.