Ukuta wa Vyungu na Tambi za Mama

Juzi nilirudi Matema kwenye harusi, nikamwona bibi harusi akimpakulia baba mkwe wake wali, wakitazamana na kucheka. Nilibaki mdomo wazi, rafiki yangu. Utotoni mwangu, enzi za Mjerumani, mkamwana na baba mkwe hawakuruhusiwa kuonana hata kisogo. Mwanamke akisikia baba mkwe anakohoa njiani, alitupa alichoshika akakimbia.

Sasa hebu fikiria mwanamke huyo ana mgahawa. Ndiye mama yangu. Baba aliwahi kuwa mpishi wa Mtaliano mmoja, fundi mawe aliyejenga nyumba ya misheni, na kwake alijifunza kupika tambi. Akamfundisha mama, na mama akampita mbali. Unga wa ngano ulishuka kutoka milima ya Ukinga. Tambi zilianikwa kwenye kamba kati ya migomba, nasi watoto tukifukuza kuku. Mchuzi wa nyanya na samaki mbasa ulinukia mpaka ziwani, na wavuvi walikuja kula wakibishana kwa sauti ya kuezua paa.

Harufu hiyo hiyo ilimleta babu, baba yake baba. Alikohoa, mama akatoka mbio kujificha migombani, tambi zikaiva hadi zikawa uji. Kesho yake tena. Keshokutwa vilevile. Wateja wakaanza kunung'unika, na mama akamwambia baba kwamba mambo yakiendelea hivyo atafunga mgahawa. Lakini baba angemkatazaje mzazi wake kuja kula?

Aliyetuokoa ni mama mmoja mfinyanzi wa kabila la Wakisi, aliyeweka vyungu vyake pale akisubiri siku ya soko. Alivipanga vikawa ukuta. Babu akala upande wake, mama akapika upande wake, tukastarehe mwezi mzima. Babu alivuta tambi kwa kelele kama ng'ombe anayekunywa maji, na mama alijua kwa kelele hizo tu kwamba bakuli linakaribia kuisha.

Lakini mfinyanzi naye ni mfanyabiashara. Siku moja mnunuzi alikipenda chungu cha katikati kabisa, naye akakichomoa bila kufikiri. Kwenye tundu lile mama na babu wakatazamana uso kwa uso, babu tambi mbili zikimning'inia mdomoni, mchuzi kidevuni. Mama akajifunika nguo usoni. Wateja wakaweka mabakuli chini, maana kosa kama hilo lilikuwa la kuitiwa wazee, na hapo biashara ingekufa.

Babu alifumba macho, akameza taratibu.

"Sijaona mtu," alisema. "Nimeona tambi. Niongezeeni, ndaga, asanteni."

Wateja wote wakaapa kwamba nao hawakuona kitu, wakarudi kwenye mabakuli yao.

Vita ilipokuja unga ulikosekana, mgahawa ukafa, na sasa pale pameota magugu. Adabu ile ya kukimbiana siililii, ila kelele za pale nazikumbuka mpaka moyo unauma. Babu alipofariki, wanawake walimlilia wakiutaja uso wake. Mama alilia nao, kisha akainama akicheka huku machozi yanamtoka. Baadaye aliniambia kwamba katika ndoa yake yote aliuona uso ule mara moja tu, na kila alipojaribu kuulilia, ulimjia na mchuzi kidevuni.