Nilivyoifyeka printer kwenye Linux ya mama mkwe

Wakuu, habari za mchana. Niko Lubumbashi, huku Katuba, na haya yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, ilikuwa imeshakolea.

Nina mchumba, Nathalie. Mama yake, Mama Régine, ana secrétariat, yaani kibanda cha kuchapa barua na kupiga fotokopi. Kila mteja anakuja na flash, kila flash ina virusi vyake. Computer ikawa inazimika kila wiki.

Nikajitolea kumwekea Linux, mfumo ambao virusi vya flash haviuwezi kirahisi. Nilitaka, kama mkwe mtarajiwa, nionekane nina faida.

Sasa kwetu mkwe haketi karibu na mama mkwe. Humkazii macho, na neno lako linapitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo sikumuuliza anafanyaje kazi yake. Nilijifungia siku tatu nikapika toleo langu mwenyewe, jepesi, la computer ya zamani.

Nilifyeka, wakuu!

Driver za printer, zile za kuifanya computer iitambue? Toa, mimi natuma PDF. Firmware ya wifi? Toa, si open source, code yake imefichwa. Nikaweka editor tatu za kuandikia code, na kwenye browser ukurasa wa kwanza nikaweka jukwaa letu hili. Nilijiona bingwa.

Jumamosi asubuhi nika-install Mama akiwa sokoni. Aliporudi tu, akaingia mteja, kaka wa bwana harusi mmoja wa siku hiyo. Anataka programu za misa ya ndoa, zile karatasi za kugawa kanisani, na misa ni saa nne.

Mama akaketi kwenye computer. Mimi kwenye kigoda nje ya mlango, nimewapa mgongo. Nathalie katikati, ndiye network yetu.

“Nathalie, uambie mukwe: naandika Marie, inatokea ;qrie.”

Keyboard yake ni ya Kifaransa, mimi niliacha ya Kiingereza. Nikaelekeza, Nathalie akapeleka, ikakaa sawa. Jasho likaanza.

“Uambie mukwe: imprimante iko hapa mbele yangu, lakini machine inasema haiko.”

Nikasema Mama afungue Settings, atafute printer. Hakuna kitu. Nikasema azime awashe, ile dawa yetu ya kuvuta muda.

“Uulize mukwe: aliniwekea machine ya kuchapa ao ya kuangalia?”

Wakuu, niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kaka wa bwana harusi akatazama saa, kisha akatazama secrétariat ya ng'ambo ya barabara. Akivuka yule, Mama amepoteza mteja mbele ya mtaa mzima, na mimi sijui ningeenda kuposa kwa uso gani.

Ndipo Mama akavuta benchi.

“Mukwe, kuya! Ikala hapa. Heshima tutaendelea nayo kesho.”

Nikaingia nikaketi pembeni yake, macho kwenye screen tu, shingo imekakamaa. Wifi haipo, nimeifyeka mwenyewe. Nikachomeka simu kwa USB nipate internet. Njia hiyo ya USB sikuifyeka kwa sababu sikujua iko wapi. Nikapakua driver, bundle yangu yote ikaisha.

Karatasi ya kwanza ikatoka. Nathalie akapiga vigelegele, kaka wa bwana harusi akabeba programu zake mbio, zingine bado za moto. Nilitaka kulia.

Jumatatu Nathalie akaniletea karatasi, mwandiko wa Mama: “Imprimante. Clavier ya Français. Wifi. Scanner. Ule muchezo ya karata.” Chini amepigia mstari: “Mukwe akuwe anauliza mbele.” Yaani niwe nauliza kwanza.

Nimejifunza, wakuu. Default, yaani mipangilio ya mwanzo, nilizichagua kwa ajili yangu, na mimi siye ninayeketi pale. Toleo jipya nimelipika kwa karatasi ile, na posa bado ipo.

Nanyi mliwahi kumfyekea mtu nini? Mwageni hapa chini, ila kwa adabu tafadhali. Nyuma ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja zaidi: “Ile page ya kwanza asiitoshe, aiache hapo, nasomaka.”