Matawi ya Pale Salama

Mkinisikia nikicheka msidhani aibu imeisha, mpaka leo mkwe, babake mume wa binti yangu, akipiga simu kutoka Moshi najificha jikoni. Nilienda kumchukua kule mjini Emali, yeye na mbuzi wake watatu wa ntheo (kwetu Ukambani bila hao mbuzi binti hajaolewa, hata awe na cheti cha kanisa), nimlete nyumbani Kitui. Alikuwa amekubali kijana wake aishi huku na Mwende wangu, mtoto wangu wa pekee, lakini kwanza aone hizi barabara zetu zinazosemwa vibaya kwao Tanzania.

"Sisi penye makazi spidi ni hamsini, Mama Mwende. Ukizidisha, trafiki huyo, ametoka kichakani."

"Kwani nyinyi hampati ajali? Sisi tunajua kuendesha, mkwe!" Na kwa ubishi wangu nikakanyaga mafuta.

Tukikaribia mji wa Salama nikaona matawi mabichi kwa lami, yamepangwa vile watu hupanga gari ikiharibika mbele. Mkwe akaniomba nipunguze. Nikamwambia hayo ni ya jana, wenyewe huondoka wakayaacha (na ni kweli huyaacha!), nikapita juu yao. Yakaja mengine. Na mengine. Hapo ndio nikaona hakuna gari inakuja, barabara ya Mombasa, mchana, kimya kabisa, hata mbuzi kwa buti wamenyamaza wote kwa pamoja.

Kona kidogo, lori hilo, limekwama katikati.

Nilishika breki nikiita Yesu, tukaishia mtaroni, buti ikafunguka, mbuzi wakaingia miibani, watu wakaja mbio na kuona tuko wazima wakaanza, "Mama, umekuja kulima?" Aii, niliona haya!

Mkwe akamshukuru dereva wa lori kwa matawi. Yule akashangaa.

"Matawi gani, mzee? Imezima sasa hivi. Hata panga sijatoa."

Tuliporudi nyuma kutafuta mbuzi, yale niliyokanyaga yalikuwa yamepangwa tena, yanadondosha utomvu kama yamekatwa sasa hivi, na hakuna mtu.

Mkwe aliyaangalia sana. "Mama Mwende, kwenu hata marehemu wa ajali wanafanya kazi ya trafiki, na bado hamsikii."

Mbuzi tulipata, ntheo ikafanyika. Siku hizi nikiona jani barabarani, hata lile limeangushwa na mbuzi, nazima gari kabisa. Lakini Mwende anaishi Moshi.